Ulizo la Providence

Mimi ni Mama Mado. Nauza unga wa mahindi hapa Shituru, kwa meka, kile kipimo cha bati ambacho kila mama wa Likasi anakijua. Mume wangu Théophile anachimba mawe ya shaba Kakanda. Jumamosi anarudi, anaoga, anakula bukari, ule ugali wetu, analala. Ndiyo maisha yetu, na siyasifu.

Tuna binti mmoja, Providence, wa darasa la sita. Bulletin yake, ile ripoti ya shule, ilileta tatu juu ya ishirini katika hesabu. Théophile alisema kama mwezi wa tatu hatapata kumi, anamtoa masomo na kumpeleka Kakanda kuosha mawe na wanawake. Sikubishana naye. Nitabishana kwa lipi? Wasichana wa jirani walioenda kuosha mawe mwaka jana, hakuna aliyerudi darasani.

Daftari la mtoto lilikuwa safi, kila hesabu imenakiliwa vizuri kutoka ubaoni. Kichwani, bure kabisa. Mchungaji wetu alimwekea mikono na kukemea roho ya upumbavu. Wiki iliyofuata, katika jaribio, akapata mbili. Hapo nilikata tamaa kweli.

Lakini niseme kosa langu. Mwezi wa kumi, Providence alimuuliza mwalimu wake, Maître Gaston, kwa nini ukigawanya kwa sehemu unaigeuza juu chini. Maître alimjibu kwamba kanuni ni kanuni, akamsimamisha ukutani hadi kengele. Darasa zima likacheka. Aliponieleza nyumbani, nikamzaba kofi. Nilimwambia mtoto mwenye adabu hasumbui wakubwa. Tangu siku hiyo, Maître akiuliza "Compris?", yaani mmeelewa, naye anaimba na wenzake, "Compris, Maître!" Mimi na mwalimu tulimfunga mdomo, halafu tukashangaa mbona hajui kitu.

Jirani yetu Mama Tina alifundisha hesabu lycée, shule ya sekondari, miaka mingi. Siku moja alikuja kununua unga, akamkuta Providence analia juu ya daftari. Hakumuuliza kama ameelewa.

"Uniambie ulizo yako," alimwambia. "Ile weye mwenyewe unapenda kuuliza."

Providence akanitazama mimi kwanza. Jamani, jicho lile lilinichoma. Nikamwambia aulize tu, sitamgusa. Kwa sauti ndogo akauliza lile lile la kugeuza sehemu.

Mama Tina akapima meka tatu za unga, akatafuta kopo lenye ujazo wa nusu meka. Akamweleza kwamba kugawanya tatu kwa nusu ni kutafuta nusu ngapi zimo humo. Providence akachota na kuhesabu. Zilikuwa sita. Kila meka ilitoa nusu mbili, basi ni tatu mara mbili. Ndiyo maana ile mbili ya chini inapanda juu. Halafu mtoto akauliza mwenyewe: na kopo likiwa theluthi? Akawaza kidogo, akasema tisa. Unga ulimwagika chini na sikugomba.

Kesho yake mimi na Mama Tina tulikwenda kwa Maître Gaston. Alikasirika kwanza. Alisema ana watoto sabini na wawili na programu ya kumaliza. Mama Tina alimwacha aseme yote. Mwisho Maître akaketi.

"Mama, minye mwenyewe sijuwe juu ya nini tunageuza," akasema. "Habakunifundisha. Njo maana naogopa maulizo ya batoto."

Nilimhurumia. Miaka kumi na tisa mtu anafundisha na hofu.

Mama Tina akamweleza habari ya meka, kisha akamshauri aache ile "Compris?", maana jibu lake ni moja tu. Aandike ubaoni habari isiyo na ulizo, kama "Mama ana meka tano za unga, watoto wake ni wanne", na watoto wawili wawili watunge maulizo yao wenyewe. Asikubali mtu achekwe. Asilolijua, aseme watalitafuta pamoja.

Maître akaanza. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema neno, watoto walidhani ni mtego. Wiki ya tatu mikono ikaanza kupanda, na wa Providence ulikuwamo. Lakini muda ulikuwa mfupi. Mwezi wa tatu alipata nane. Nane si kumi.

Théophile alirudi Jumamosi, akaiona ile nane, akaniambia nifunge nguo za mtoto. Nikazifunga. Sikuwa na nguvu tena. Akiwa anakula, alilalamika kwamba mnunuzi amesema tena mawe yake yana shaba asilimia nne tu, na kumlipa kidogo.

Providence akainua kichwa. "Papa, ile nne ni ya mufuko muzima, ao ya jiwe moja?"

Baba yake akamweleza kwamba mnunuzi huchagua jiwe moja kwenye mfuko, analipima kwa mashine, anasoma namba peke yake.

"Na kama anachagua jiwe ya mubaya?"

Théophile aliacha kula.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Sijaulizaka hata siku moja."

Sijawahi kumwona mume wangu na uso kama ule. Akaniambia nizifungue zile nguo, Jumatatu mtoto aende masomo. Kisha akamsogelea binti yake.

"Uniandikie ile ulizo mu karatasi," akamwambia. "Ku shimo tuko bantu makumi ine. Nitabasomea."