Bingwa Aliyejifungia Bafuni

"Kunywa basi, Mjomba. Funda moja tu."

"Sinywi. Toa hiyo glasi mbele yangu kabla sijaimwaga."

"Midomo imekupasuka!"

"Sasa? Mkanda wa ubingwa unavaliwa kiunoni, hauvaliwi mdomoni. Lete mifuko ya plastiki."

"Kocha alikukataza."

"Kwani Kocha ndiye anayepigana? Siafu, usinipande kichwani. Lete mifuko!"

Siafu akaileta. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na mjomba wake huyu huyu, siku ya kwanza alipovaa glavu: mdogo, ila akikung'ata unaruka. Mjomba naye mji mzima ulimwita Nyundo. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imelaza wanaume wenye shingo kama magogo. Picha yake ilibandikwa kwa kinyozi, kwenye duka la soda, hata kwenye mlango wa darasa la Siafu.

Lakini Nyundo wa kwenye picha ni mmoja, na Nyundo wa nyumbani ni mwingine. Akishinda pambano tu, mazoezi basi. Atalala mpaka jua la utosini, atakunywa soda kama anazima moto, atakula mpaka kiti kilalamike. Kocha akimwambia akimbie, jibu lake ni moja: "Kesho, Kocha, kesho." Pambano likikaribia ndipo anashtuka. Hapo hali, hanywi, anatafuna chingamu na kutema mate kwenye kopo ili apungue. Maana bondia akizidi uzito waliokubaliana, hapandi ulingoni, na mkanda anausikia kwenye redio.

Kupima uzito kulikuwa mchana huo. Na asubuhi hii mizani ilikuwa bado inamsuta: amezidi kilo mbili.

Nyundo akajizungushia mifuko kifuani, mapajani na mikononi, akavaa suti nene ya mazoezi juu yake, akabeba ndoo ya maji yanayotokota na kopo lake, akaingia bafuni.

"Jasho likitoka vizuri, kilo zimekwenda," alisema. "Wewe kaa mlangoni. Kocha akija, mwambie nimelala. Niahidi."

"Mjomba..."

"Niahidi, Siafu! Mwaka mzima nimelisubiri pambano hili."

"Naahidi."

Komeo likalia. Siafu akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Mvuke ukaanza kupenya chini ya mlango. Ndani akasikia, tuh! Mate koponi. Kisha, tuh!

"Siafu! Nikitoka humu nitakuwa mwembamba kuliko wewe!"

Siafu akacheka kidogo. Tuh! Halafu kimya kirefu. Halafu kopo likaanguka na kubingirika.

"Mjomba?"

Kimya.

"Mjomba, usinitanie bwana."

Sauti ikatoka, nzito, kama ya mtu aliyejaza nguo mdomoni. "Nani... nani kazima taa?"

Siafu akatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka nje. Hakuna taa iliyowashwa wala kuzimwa.

Akasukuma mlango. Haukutikisika. Akajua akiita watu, pambano limekwenda, na Mjomba hatamsamehe. Alikuwa ameahidi. Akabaki amesimama, mkono mdomoni, akisubiri asikie hata kikohozi. Hakusikia kitu.

Akatoka mbio, miguu peku, akakata kona mbili mpaka ukumbi wa ngumi ulio nyuma ya gereji. Kocha alikuwa anashona begi la mazoezi lililopasuka.

"Mjomba wako yuko wapi? Mbona simu haipokei?"

"Amelala," ulimi ukasema. Kisha Siafu akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, Kocha, siyo! Yuko bafuni, amejifunga mifuko, haitiki!"

Kocha aliitupa sindano. Njiani alimpigia kelele fundi wa gereji awafuate na gari. Walipofika, akaupiga mlango teke, akaupiga tena, komeo likang'oka. Nyundo alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi lakini hayaoni, ngozi inawaka na kavu. Hata jasho lilikuwa limekwisha mwilini. Siafu akachana mifuko kwa meno.

Zahanati wakamtundikia dripu, wakampoza kwa vitambaa vya maji baridi. "Mngechelewa kidogo tu," muuguzi alimwambia Kocha, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Jioni Nyundo akapata nguvu ya kukaa. Kitu cha kwanza akauliza saa.

"Uzito umeshapimwa," Kocha akasema. "Pambano hakuna."

Nyundo akamgeukia Siafu. "Uliniahidi. Umeniuza."

Siafu akainama, machozi yakamlenga. Nje mashabiki walikuwa wamejazana, wanaita, "Nyundo! Nyundo!"

"Kocha, kawaambie nimeteguka kifundo cha mguu," Nyundo akasema. "Haya mengine yaishie humu."

Kocha alikuwa anampa Siafu chupa ya maji. "Kunywa, mwanangu. Umekimbia sana."

"Sitaki."

"Mbona midomo imekukauka hivyo?"

"Sijanywa tangu jana. Nataka nipigane na wale wa uzito wa chini kwenye mashindano ya watoto." Akamwangalia Kocha kwa mshangao. "Si ndivyo wanavyofanya mabingwa?"

Nyundo akafumba macho kama mtu aliyepigwa ngumi ambayo hakuiona.

"Nisikilize vizuri," Kocha akasema. "Mjomba wako ana ngumi nzuri kuliko bondia yeyote niliyemfundisha. Hiyo iige. Uvivu wake usiige, na huku kukausha mwili usikuige kabisa, kunaua. Uzito unatengenezwa kwa mazoezi na kula vizuri siku zote, hautolewi bafuni asubuhi moja. Jambo lingine: ukiona siri inamhatarisha mtu maisha yake, kimbia ukamwambie mtu mzima, hata kama uliahidi. Leo hujamuuza mtu, umemwokoa. Sasa kunywa."

Siafu akasita. Akamtazama Mjomba.

"Kunywa, Siafu," Nyundo akasema kwa sauti ya chini. "Kunywa yote, mama."

Akanywa. Nyundo akashusha miguu kitandani, akashika nguzo ya dripu.

"Wewe, unakwenda wapi?" muuguzi akamaka.

"Hapo mlangoni tu, dada. Watu wananisubiri."

"Niwaambie kifundo?" Kocha akauliza.

"Kifundo kizima, Kocha. Nitawaambia mwenyewe nilichojifanyia."

Akawapa mgongo, akaisukuma ile nguzo taratibu, akaenda zake kuelekea kwenye kelele.