Sekunde Tisini za Ilona

Ubongo ulidondoka saa mbili na nusu asubuhi, kwenye foleni ya kuweka makoti, katika hoteli moja ya katikati ya mji wa viwanda vya chuma wa Hamilton, mwezi wa Januari. Ulikuwa wa plastiki. Ulitawanyika vipande vinane kati ya viatu vya theluji vya makocha wa maisha mia tatu waliokuja kwenye mkutano wao wa mwaka. Mwenye ubongo, mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwikoni, alipiga magoti akawa anapapasa sakafu kama aliyedondosha jino.

"Bwana, akili zako hizi hapa," sauti ya mwanamke ikamwambia kutoka juu. "Nimezikanyaga kidogo, ila sidhani kama nimeziharibu zaidi ya zilivyokuwa."

Akainua macho. Koti jekundu la sufu, vifungo vikubwa, theluji ikiyeyuka kwenye nywele zilizoanza mvi. Kiganjani mwake kipande kidogo.

"Hicho ndicho cha maana," mwanamume akasema. "Hofu inakaa humo."

"Humu? Kadogo kama lozi?"

"Kadogo, lakini ndiko kanakotuendesha sote."

"Kakuendeshe wewe. Mimi nimekuwa nesi miaka kumi na saba, naendeshwa na miguu inayouma." Akakitia mfukoni. "Ukinikumbuka kwa kahawa, nitakurudishia."

Alimnunulia kahawa siku hiyohiyo. Kipande hakikurudi.

Aliitwa Graeme Petrie, daktari wa sayansi ya ubongo aliyeacha kufundisha chuo kikuu. Mwanamke aliitwa Ilona Varga, aliyesomea ukocha jioni baada ya kazi, akaacha wadi mgongo ulipokataa. Kwa asiyeijua kazi hiyo: kocha hakupi ushauri. Anakuuliza, ananyamaza, anakuacha ujijibu. Graeme alijua ubongo lakini hakujua kuongea na watu. Ilona alijua watu. Kufikia Februari walikuwa na mkataba wa mwaka mmoja na hospitali moja kubwa ya mji, kufundisha wauguzi namna ya kutuliza ubongo katikati ya zamu.

Niseme hapa, kwa sababu wengine wamesahau. Mji huu tumewahi kufundishwa kupumua. Walipozima tanuru za chuma walituletea mtu mwenye tai, akatukalisha kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, akatuambia tufumbe macho tuwazie ufukwe. Tulipofumbua macho, lango la kiwanda lilikuwa limefungwa. Wauguzi wale walikuwa kila mmoja anabeba wagonjwa wa watu wawili. Hawakuletewa mwenzao wa pili. Waliletewa ubongo wa plastiki.

Lakini Ilona aliamini, na kwa kosa hilo simlaumu. Alisimama mbele yao akasema, "Dada zangu, kaka zangu, kinachosemwa chumba hiki kinabaki chumba hiki." Kila mmoja akapewa kadi isiyo na jina, yenye namba tu na maswali: unalala vipi, unalia wapi, unafikiria kuacha kazi? Nao wakaandika, maana yeye alikuwa mwenzao.

Graeme alikuwa na funzo moja walilolipenda. "Taja unachohisi kwa jina lake, kisha hesabu sekunde tisini. Wimbi litapita." Halafu anainua ubongo wake wenye tundu. "Kipande cha hofu anacho mwenzangu, kakataa kunirudishia." Watu wanacheka, Ilona anapapasa mfuko.

Zikaanza simu.

"Profesa, umekula?"

"Nimekula tosti."

"Tosti si chakula, mpenzi. Shuka ufungue mlango, niko chini na kabichi ya mama, nyama imejaa ndani."

"Mama yako ananijua?"

"Anakuita yule mwembamba. Fungua, vidole vinaganda!"

Mwezi wa Mei, kwenye maegesho ya hospitali, baada ya somo, Ilona alikuwa amevaa gauni la maua ya zambarau, harufu ya maua ya kweli ikitoka ng'ambo ya uzio. Akamsogelea. Graeme akarudi nyuma hatua moja.

"Ngoja. Tumetoka mbele ya watu sitini, mapigo bado yako juu. Ubongo unaweza kuchanganya woga wa jukwaani na mapenzi."

"Mtume! Mwanamume huyu! Basi hesabu tisini zako."

Wakahesabu pamoja, kwa sauti, wakitazamana. Walipofika arobaini Ilona akambusu.

Majira ya joto yakapita hivyo. Septemba simu zikapungua. Graeme akawa anatoka nje kupokea, na jina linalowaka kwenye kioo cha simu yake lilikuwa Meredith.

"Huyo Meredith mrembo?" Ilona akauliza siku moja, akijifanya anakata mkate.

"Ni wa kazini."

"Hata mimi wa kazini."

Graeme hakucheka. Ilona alilia kwenye basi la saa kumi na moja, kwa wivu, na natamani angeendelea kulia kwa wivu.

Oktoba akapiga simu Noreen Bascombe, muuguzi wa wadi ya wazee, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha jengo. Siku hiyo sauti ilikuwa ndogo.

"Ilona, mamii, wameniondoa kazini. Wanasema siko timamu kwa zamu. Walikuwa na kadi yangu mezani."

"Kadi haina jina, Noreen."

"Ina namba, mpenzi wangu. Na namba ina orodha ya majina. Nani alikuwa na orodha?"

Watu wawili walikuwa nayo. Ilona ya kwake aliichana siku ya kwanza. Graeme aliitunza, apate kulinganisha kila mtu mwanzo wa mwaka na mwisho wake. Meredith alikuwa mkurugenzi wa wafanyakazi. Afadhali angekuwa kimada.

Walikutana adhuhuri kwenye duka la kahawa.

"Waliomba ushahidi kwamba kozi inasaidia," Graeme akasema, akizungusha kikombe. "Nilidhani ni takwimu tu."

"Ulidhani."

"Bila hivyo wasingetuongezea mwaka. Mimi na wewe, Ilona, tungekuwa..."

"Usinitie humo! Wamesharudishwa nyumbani wangapi?"

"Kumi na wanne."

Ilona akakitupa kijiko mezani. Naye, mwanamume anayempenda, akaugusa mkono ule akasema kwa upole kabisa, "Taja unachohisi. Hesabu tisini."

Ilona akasimama. "Kuna siku ya kufunga mwaka, Desemba. Wiki inayofuata ni rufaa ya Noreen. Useme mbele ya wakurugenzi wote kwamba kadi ziliahidiwa siri na wewe ndiye uliyetoa orodha. Ukisema, wakili wa chama ana la kushika, Noreen anarudi. Basi. Sitakuuliza kitu kingine maisha yangu."

"Nitasema," akajibu. Na alipokuwa anasema hivyo alikuwa mkweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Siku ikafika. Ukumbi wa juu, mikate iliyokatwa pembe tatu, wakurugenzi kumi na wawili, Noreen mlangoni amevaa suti yake ya kanisani, kofia ya bluu. Ilona na Graeme walitakiwa kueleza kwa pamoja mwaka wao wa kazi: nini tulijifunza. Ilona alieleza machache, kisha akageuka na kufanya kazi yake ya ukocha.

"Graeme. Orodha ilitoka kwa nani?"

Akanyamaza, kama walivyofundishwa, amwachie nafasi ajijibu.

Graeme alimtazama. Alimtazama Noreen. Alimtazama Meredith, aliyekuwa anafungua kalamu. Kisha akabonyeza kitufe, picha ikabadilika ukutani.

"Katika mwaka huu," akasema, "msongo wa wauguzi umeshuka kwa asilimia thelathini na moja."

Wakapiga makofi. Na kweli ulikuwa umeshuka: waliozidiwa walikuwa wameshafukuzwa.

Noreen alishindwa rufaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ijumaa mchana Ilona alikuwa kituo cha basi, theluji ikimpiga usoni, simu ikaita.

"Nioe," Graeme akasema. Alikuwa analia. "Yaani, nikuoe. Wameongeza mkataba. Nitawarekebisha nikiwa ndani, naapa. Ilona? Niambie unachohisi."

"Hasira. Aibu. Na nakupenda. Haya, hesabu."

Akahesabu kweli, kwa sauti, huko aliko. Alipofika arobaini akakwama, kwa sababu wote wawili walikumbuka Mei. Akaendelea. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka bila yeye.

"Tisini," akasema. "Limepita?"

"Halijapita, Graeme. Nakupenda vilevile." Akapangusa theluji kwenye kioo cha simu. "Na sirudi."

Kozi inaendelea. Kuna kocha mpya, msichana mchangamfu, na wauguzi wapya wasiojua kitu, wanaandika kadi zao. Graeme anainua ubongo wa plastiki wenye tundu, na mtu akiuliza kile kipande kimoja kiko wapi, anasema kilipotea.

Muongo. Anajua kilipo.