Shangazi Alinifundisha Kuitika

Adhana ya magharibi ilinikuta bado niko makaburini Boko, na kosa hilo nalikiri: nilitakiwa kuwa nimeshaondoka. Lakini shangazi Zuena, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa ameniomba huku analia. Mwanawe Jabiri, kila jua likizama, alikuwa akianguka, macho yanageuka, anaongea kwa sauti ya bibi kizee. Shangazi akasema shehe anataka isomwe hitma, na marehemu wote wa ukoo watajwe kwa majina. Wote tuliwajua, isipokuwa mmoja.

Mama yake babu.

Cheti cha kuzaliwa cha babu kinasema aliitwa Mwanakheri. Ami Sadallah anaapa aliitwa Tatu.

"Kaburi halisemi uongo," shangazi aliniambia. "Nenda kasome, mwanangu. Mie miguu haifiki."

Makaburi ya ukoo wetu yamebaki kipande tu, yamebanwa na kuta za majumba mapya. Nikafuta vumbi kwenye kibao cha saruji cha kaburi lake, nikawasha tochi ya simu.

Somoe binti Khalfani.

Jina la tatu!

Chwa... chwa... chwa...

Mtu anafagia. Nikainua tochi. Nyuma ya kaburi alikuwepo bibi mmoja kajifunga kaniki, fagio la chelewa mkononi. Harufu ya udi ikanijia, na chini yake harufu nyingine, kama ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

"Shikamoo, bibi."

Hakuipokea. "Unamtafuta nani?"

"Mama yake babu. Kila mtu anampa jina lake."

Akacheka kidogo. "Hawakusahau, mjukuu wangu. Walimficha. Waliogopa asije akapata kiti kingine."

Sie wa pwani tunajua kiti ni nini. Ni mtu anayekaliwa na pepo.

"Nani kakutuma?" bibi akauliza.

"Shangazi Zuena."

"Mwanawe mwenyewe mbona hakumtuma?"

"Anaumwa."

"Najua," alinong'ona. "Ananichosha. Mwanamume hanifai..."

Nikaanza Ayatul Kursiy, ulimi mzito kama wa mlevi. Sikuaga. Nikatembea haraka kuelekea uchochoroni, na hapo nikaitwa kutoka nyuma. Sauti ya shangazi kabisa.

"Naima!"

"Abee!"

Lilinitoka lenyewe. Watoto wengine huambiwa, ukiitwa magharibi na usiyemwona, nyamaza. Mie nilifundishwa kinyume. Nikichelewa kuitika, kofi. "Mtoto wa kike mwenye adabu haitwi mara mbili," shangazi alikuwa akisema.

Fagio likanyamaza.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mchanga tu, umefagiwa vizuri, kutoka kaburini...

...mpaka kwenye visigino vyangu.

Sijui nilifikaje nyumbani Temeke. Jabiri nilimkuta ukumbini anakula wali na samaki, anachekea simu.

"Sista! Mbona umejaa vumbi hivyo, umetoka kulima?"

Ni muda mrefu sijamsikia akitania. Shangazi alikuwa kasimama mlangoni, hanitazami usoni.

"Uliitwa?"

Sikuwa nimemsimulia chochote.

"Niliitwa."

"Ukaitika?"

"Nikaitika."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Alhamdulillahi."

Neno lile lilinichoma kuliko yote ya makaburini.

"Shangazi... ulijua?"

"Mie ni mama, Naima. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Na mie si mwanao?"

Jabiri akaacha kutafuna. Shangazi akaivuta kanga yake mabegani, akasema taratibu sana:

"Ungekuwa mwanangu, ningekufundisha kunyamaza."

Chumbani kwangu kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jeupe, ubani unafuka chini yake. Kesho yake nikamfuata shehe. Akanishangaa. Hajawahi kuulizwa habari za Jabiri, wala za majina ya marehemu wetu.

Bibi yule alikuwa mama yake babu, au ni kitu kilichovaa sura yake? Sijui. Kwa nini kila mzee alilificha jina lake kwa jina jingine, hilo nalielewa sasa.

Bado naswali vipindi vyote vitano. Ila nikimaliza dua, peke yangu, mlango nimefunga, kuna anayesema "Amina" baada yangu. Anachelewa kidogo. Halafu harufu ya kisima.

Mungu anisamehe kwa hili ninaloandika. Katika nyumba hii, ni huyo anayesema "Amina" tu ambaye hajanidanganya.