Mizizi Isiyotaka Udongo

Asubuhi ile nyumba ilinuka udongo mbichi, na hakuna aliyekuwa amechimba popote.

Mshonaji aliacha cherehani yake akaifuata harufu hadi barazani. Okidi yake, mmea wa maua alioufunga kwa uzi kwenye kipande cha gogo ili mizizi ining'inie hewani, ilikuwa imefukiwa ndani ya ndoo hadi shingoni.

"Nimekusaidia," alisema mama mkwe wake, mikono kiunoni. "Kila siku unapulizia maji kitu kinachoning'inia kama popo! Mmea ni udongo, bibi wewe. Au kwenu hupika bila moto?"

"Mama, huu hukaa juu ya miti. Mizizi yake hunywa unyevu wa hewani. Huioni? Mikavu ni myeupe, ikilowa inageuka kijani. Ukiifukia, inakosa pumzi na kuoza."

"Ioze! Wenzako wanalea watoto, wewe unalea majani."

Wawili hawa hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake. Aliyeifukia, na aifukue.

Haukupita muda mrefu, mama mkwe akaanza kukohoa. Alitema tope. Kisha akaanguka kitandani, midomo ikiwa ya bluu.

"Kuna mtu amenikalia kifuani," alimnong'oneza mshonaji. "Anasema nimemzika. Mwanangu, nani huyo?"

Barazani, ndoo nayo ilikuwa ikikoroma.

Mshonaji aliimwaga, akaosha mizizi, akachukua mkasi, maana iliyooza isipokatwa uozo hupanda hadi moyoni mwa mmea. Alikata mmoja. Chumbani mama mkwe alipiga yowe: "Kidole changu!" Akakata mwingine, na yowe lilikuja tena, refu zaidi, na nyuma ya yowe ikaja sauti nyingine, laini, iliyofanana na yake mwenyewe, ikitokea katikati ya majani na kumpulizia sikioni harufu ya kaburi: "Umebaki mmoja, mzima. Ukate na huo. Hatakutukana tena, na nyumba itakuwa yako."

Mshonaji aliyakumbuka matusi yote, moja baada ya jingine, na mkasi ukaanza kujifunga wenyewe, polepole, mpaka ukaubana ule mzizi, na kule chumbani pumzi ikakatika kabisa.

Aliutupa mkasi.

"Muache mama!"

"Nitakaa wapi? Hapa pameoza."

"Kaa popote upendapo, ila asife!" alilia, bila kupima neno lake.

Sauti ikacheka kidogo. Chumbani, mama mkwe akavuta pumzi ndefu, na pale barazani okidi ikanyauka kama karatasi motoni.

Mumewe, dereva wa malori, aliporudi safarini alifurahi kuikuta nyumba ina amani. Mama yake hatukani tena. Ila hakanyagi ardhi. Kutwa hukaa juu ya ukuta wa baraza, miguu ikining'inia, mdomo wazi kuelekea upepo.

"Mwanangu," huita kwa upole jua likikaza, "nipulizie kidogo."

Mshonaji huja na chupa yake ya maji. Haulizi kitu. Humpulizia taratibu, huku akitazama vile vidole vyeupe, vikavu, vikigeuka kijani.