Shamsa na Kifundo cha Moza

Kila siku masomo yakiisha, Shamsa, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alitembea kutoka kwao Mchafukoge hadi kiwanja cha shule ya msingi nyuma ya maduka ya Kariakoo. Hapo aliwafundisha wasichana netiboli. Alitaka kuwa kocha, na Mwalimu Violeth wa michezo shuleni hapo alikuwa amempa filimbi kwa sharti moja: mtoto akiumia, mazoezi yasimame na yeye aitwe.

Kwa ukali, Shamsa hakuwa na mpinzani. "We mlegevu, umekuja kulala hapa?" Watoto walimwogopa, naye masikini akadhani huko ndiko kuheshimiwa.

Siku mbili kabla ya mechi, Moza, mfungaji wake, alitua vibaya akateguka kifundo cha mguu. Shamsa akaangaza huku na huku. Mwalimu alikuwa ofisini, hatua chache tu, lakini akiitwa, Moza hachezi. Basi akajitia mjuaji. Aliomba maji ya moto kwa mama muuza chai nje ya geti, akamkanda, kisha akamchua kwa nguvu kama bibi yake anavyowachua watu nyumbani. Moza aliuma ushungi wake asilie.

"Ukimwambia Mwalimu, nakutoa kwenye timu."

Kesho yake Moza hakuja. Alikuja mama yake, Bi Kuruthumu, muuza vitenge, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Wewe ndiye kocha? Mguu wa mwanangu umevimba, usiku kucha hakulala. Nani kakufundisha kuchua mguu uliotoka kuumia?"

"Shikamoo mama. Labda aliumia nyumbani."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimemwona kwa macho yangu akirudi anachechemea."

Mwalimu Violeth alikuwa ameshafika. Alimtazama Shamsa. Watoto nao walimtazama, na hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma. Shamsa aliona aibu.

"Niliogopa tutafungwa," akasema. "Nilimkanda mimi, nikamkataza asiseme. Nimekosa."

"Lete filimbi," Mwalimu akasema.

Mechi walifungwa ishirini kwa tisa. Kwa wiki tatu Shamsa alibeba ndoo ya maji huku watoto wakimzomea, "Kocha wa kukanda!" Iliuma, lakini hakuwajibu. Kila mapumziko ya mazoezi alikwenda kwa Mwalimu kujifunza huduma ya kwanza, akaandika yote daftarini.

Siku Bi Kuruthumu alipomleta Moza kuwaangalia wenzake, mchezaji aitwaye Mgeni aliteleza akashika mguu. Shamsa alikuwa wa kwanza kufika.

"Usiukanyage. Kaa."

Akatuma mtu amwite Mwalimu, akauinua mguu juu ya begi lake, akaweka barafu aliyokuja nayo, imefungwa kwenye kitambaa. Hakuuchua.

"Sijakusamehe bado," Bi Kuruthumu akasema. "Ila Moza ataanza mazoezi Jumatatu. Nitakaa hapahapa nikutazame."

"Sawa, mama."

Mwalimu Violeth aliukagua mguu wa Mgeni, kisha akatoa filimbi mfukoni akamkabidhi Shamsa. "Mechi nyingine zipo, Shamsa. Mtoto hana mguu mwingine. Usilolijua uliza, na ukikosea sema mapema. Ukocha unaanzia hapo."

Wasichana wengine walikuwa wameshaanza tena kurushiana mpira karibu na Mgeni. Shamsa alipuliza filimbi, na mazoezi yakasimama.