Sauti ya Elizabeth Kaveke

Mke wa kaka yangu Odero anaitwa Nthambi. Wanaishi hapa mtaani Noonkopir, nyumba ya tatu kutoka duka langu la kushona nguo. Mwaka jana Nthambi alikuwa mtangazaji wa kituo kidogo cha redio ya Kikamba, na kila Jumapili saa tisa mchana alicheza nyimbo za zamani. Mimi ni Mjaluo, Kikamba sikijui, lakini nikitoka kanisani nilikuwa nafungua redio nimsikie tu. Alikuwa na sauti ya kukufanya uwache kukata kitambaa.

Mwezi wa Agosti mzee mmoja aliingia kituoni. Alijiita Masila. Alikuwa amevaa koti la kijivu, na alibeba santuri moja iliyofungwa kwa gazeti.

"Cheza hii Jumapili," alimwambia Nthambi. "Mtu yeyote akipiga simu juu yake, uniambie."

"Huyu mwimbaji ni nani, mzee?"

"Wewe cheza tu, mwanangu."

Katikati ya santuri kulikuwa na jina, Elizabeth Kaveke, na mwaka, 1974. Nthambi alikuwa amecheza nyimbo za zamani miaka kumi na hakuwahi kusikia jina hilo. Aliuliza kila mtu anayejua muziki wa wakati huo. Ni mpiga gitaa mmoja tu, mzee wa miaka themanini, aliyemkumbuka. Alisema kulikuwa na msichana aliyeimba kwenye hoteli za barabara ya Namanga. Santuri yake ilipendwa kila mahali kwa mwaka mmoja, halafu akapotea. Wengine walisema ameolewa, wengine wakasema ameokoka. Hakuna aliyeenda kumtafuta.

Jumapili hiyo Nthambi aliicheza. Wimbo wenyewe, aliniambia baadaye, ni wa msichana anayengoja lori litoke Namanga. Niliusikia nikiwa dukani na nywele za mikono zikasimama. Simu zikaanza kuingia. Wazee walikuwa wanalia hewani, wanauliza huyu amekuwa wapi.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mwanamke. Hakutaka kuwekwa hewani.

"Huyo Elizabeth ni mimi," alisema. "Niko Kajiado. Kuja unione. Usilete mtu."

Nthambi alienda Jumanne asubuhi. Hebu fikiria: mwimbaji aliyesahaulika karibu miaka hamsini, na wewe ndiye umempata. Alifurahi hata akasahau kumpigia Masila.

Nyumba ilikuwa ya mawe, nje ya mji wa Kajiado, ukishapita reli. Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mzee lakini amejipamba, kitambaa cha hariri kichwani. Alimkaribisha vizuri. Halafu akafunga madirisha yote, moja moja, na kulikuwa na joto.

Mezani kulikuwa na themosi mbili. Kutoka moja alimimina chai. Ya pili, yenye maua mekundu, ilikuwa wazi, kizibo chake kimewekwa kando. Haikutoa mvuke.

Nthambi alimuuliza juu ya siku za hoteli. Majibu yalikuwa mafupi. Alimuuliza nani alipiga gitaa kwenye santuri, na yule mama akasema amesahau. Alimuuliza ubeti wa pili ulihusu nini. Alisema amesahau pia.

"Lakini kuimba sijasahau," akasema, na akaimba.

Ilikuwa sauti ile ile ya santuri. Sauti ya msichana wa miaka ishirini, imetoka kwa mwanamke wa sabini na kitu. Nthambi alitokwa na machozi. Ni baada ya kupangusa macho ndipo aliona kitu. Midomo ya yule mama ilikuwa inachelewa. Neno lilikuwa linatoka kwanza, halafu mdomo unalifuata.

"Na wewe, unaimba?" yule mama akauliza.

"Ya kanisa tu, mama."

"Niimbie kidogo."

Nthambi akaimba ubeti mmoja. Alipomaliza, yule mama alichukua kizibo na kufunga ile themosi ya maua, akakaza kwa nguvu.

"Chai isipoe," akasema.

Ndani ya hiyo themosi hakukuwa na chai.

Hapo nje Nthambi alikutana na jirani, mama Mmaasai anayeitwa Seleyian, amebeba mtungi wa maziwa. Walisalimiana, "Supa," "Ipa." Nthambi akamwambia ametoka kumwona Elizabeth.

"Elizabeth simjui," Seleyian alisema. "Huyo ni Mama Morgan. Na huyo Morgan hakuna mtu amewahi kumwona." Akamwangalia shingoni. "Umeimba huko ndani?"

"Kidogo tu."

Seleyian aliteremsha sauti. "Mwalimu wa watoto wa kanisa yetu pia aliimba huko. Siku hizi anaandika tu kwa ubao."

Akabeba maziwa yake akaenda.

Jumatano sauti ya Nthambi ilikauka. Alhamisi alikuwa ananong'ona. Ijumaa alifungua mdomo na hakuna kitu kilitoka, hata kukohoa kwake hakukuwa na mlio. Hospitalini walimulika koo, wakasema liko sawa. Mkubwa wake kazini akampa wiki mbili awe amepona. Mtangazaji bila sauti ni nani? Kaka yangu Odero aliketi kitandani akiwa ameshika kichwa, na Nthambi aliniandikia kwa simu: Ajwang', mpigie yule mzee.

Nilipiga. Nilimweleza Masila yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilitarajia ashangae. Hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo nyumba iko upande gani?"

Alikuja dukani kwangu Jumapili, Nthambi akiwa hapo. Alikaa kwa kiti cha wateja na kusema bila kutuangalia.

"Elizabeth Kaveke alikuwa dada yangu. Alipoteza sauti mwaka wa sabini na tano, akaishi bubu miaka minne, nikamzika. Kwenye hoteli kulikuwa na msichana aliyekuwa anamwitikia akiimba. Alikuja nyumbani siku moja, akaomba afundishwe kuimba. Tangu hiyo siku hatukumwona."

"Kwa hivyo ulijua," nilimwambia. "Ulimpa Nthambi santuri ukijua."

"Nilitaka kujua kama huyo msichana yuko hai."

"Ukamfanya mke wa kaka yangu chambo!"

Nthambi alimwangalia, halafu akaandika kwenye simu na kumwonyesha: Twende kesho.

Tulifika Kajiado saa sita mchana, sisi watatu. Jua lilikuwa kali. Hakuna mbwa aliyebweka. Seleyian alikuwa kwake langoni, akatuambia Mama Morgan alipanda lori Ijumaa, limeelekea Namanga. Hakuaga mtu. Alibeba mfuko mmoja tu, ameukumbatia kama mtoto.

Mlango ulisukumika. Hakukuwa na viti tena, wala mapazia. Rafu tu, ukutani. Juu yake themosi nne, zimepangwa. Kila kizibo kimefungwa kwa kitambaa.

Nilitafuta maua mekundu. Moja ilikuwa ya kijani. Nyingine ya mistari. Mbili zilikuwa nyekundu, lakini rangi imebabuka, na huwezi kujua kama zilikuwa na maua.

Masila alichukua moja kati ya hizo mbili. Akafungua kitambaa. Akalegeza kizibo.

Mtu aliongea.

Alikuwa karibu. Karibu kama mtu aliye begani mwako. Ilikuwa sauti ya msichana na aliongea Kikamba, na mimi nilishika neno moja tu. Masila.

Mzee alirudisha kizibo haraka akalia kama mtoto. Nthambi alinishika mkono, akaniandikia kwa kidole kwenye kiganja, herufi moja moja. Alichosikia kilikuwa hiki: Masila, funga mlango.

Niligeuka. Mlango tuliuwacha wazi.

Nilikimbia kuufunga. Sikuona mtu nje, mavumbi tu. Niliporudi, Masila alikuwa amesimama mbele ya Nthambi na themosi nyekundu mkononi.

"Hii ndiyo yako," alimwambia. "Weka mdomo. Vuta."

Nthambi aliniangalia. Sikujua. Naapa sikujua, nilikuwa nimegeuka. Aliweka mdomo, akavuta pumzi, na koo lake likapanda na kushuka kama mtu anayemeza kitu kikubwa.

"Ajwang'," akasema.

Nilimkumbatia, nikalia. Nilikuwa sijalisikia jina langu kinywani mwake siku nne. Ile nyekundu nyingine haikuwa tena kwa rafu. Masila alikuwa amevua koti lake la kijivu na kulibeba mkononi, limefunika kitu, na sikujua amebeba sauti ya nani.

Jumapili iliyofuata Nthambi alirudi hewani. Odero alisema mafua yamebadilisha sauti kidogo. Mimi niliijua: ni ile iliyomwita Masila kutoka kwa themosi. Wazee walipiga simu. Mmoja aliuliza kama ile ni santuri ya Elizabeth Kaveke imechezwa tena. Mwingine, ambaye hakutaja jina, alisikiliza mpaka kipindi kikaisha, kisha akasema, "Asante. Sasa wamekusikia." Nilijua ni Masila. Nimempigia mara nyingi tangu siku hiyo. Hashiki.

Halafu Nthambi alimpigia mama yake, ambaye anaishi Makueni.

"Nani anaongea?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama. Nthambi."

"Usinichezee. Nthambi nimeongea na yeye asubuhi hii." Akakata.

Tulisafiri kwenda huko mimi na yeye. Mama alipomwona bintiye alimshika uso kwa mikono miwili, akamjua, akamkagua mpaka kovu la goti. Lakini kila Nthambi akifungua mdomo, mama aliangalia chini. Alitutolea simu yake. Simu ilikuwa imeandika jina la Nthambi, namba ya Nthambi, asubuhi ya siku ile, dakika thelathini na nne. Kwenye simu ya Nthambi hakuna simu kama hiyo iliyopigwa.

"Aliniambia nini? Ya kawaida tu," mama alisema. "Kazi, kanisa. Akaniuliza kama bado naimba."

Nilikumbuka ule mfuko Mama Morgan aliokumbatia kama mtoto.

"Mama," nilimwambia polepole, "akipiga tena usishike. Na usimwimbie. Tafadhali."

Hapo hapo simu ililia mkononi mwake. Jina lilikuwa Nthambi. Nthambi alikuwa ameketi mbele yetu, simu yake imezimwa, iko juu ya meza.

Mama aliangalia simu. Akamwangalia mtoto wake.

"Huyu ni wangu," alisema. "Lakini hiyo sauti pia nilizaa mimi. Nitaikatia aje?"

Akainuka, akatoka nje, akaiweka sikioni.