Mama Mawingu Arudi Darasani

Mimi ni fundi viatu. Kazi yangu ni kuinama. Watu wanapita, mimi natazama soli. Mke wangu ndiye mtu ninayeinua kichwa kumtazama, kwa hiyo nikisema habari zake, niaminini.

Mke wangu anafua mashuka ya hospitali. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya wodi, kina sakafu ya saruji na madirisha ya juu. Asubuhi mvuke hujaa humo mpaka humwoni aliye mbele yako. Mashuka huanikwa uani, safu kwa safu. Upepo ukija, yote hupumua pamoja. Hapo mke wangu husimama, mkono kiunoni, akaota mchana kweupe.

Jioni alikuwa akinisimulia. Leo ametembea juu ya mawingu bila viatu. Leo mashuka yalikuwa nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na nyumba nyingine, na humo kuna mtu anaimba. Wenzake wakampa jina, Mama Mawingu. Mimi nilimwuliza, watu wote wakitembea peku huko mawinguni, sisi mafundi viatu tutakula nini? Alicheka tu, akaniongezea chai.

Siku moja alirudi hana hadithi. Alikaa, akavua viatu. Kisha akaeleza. Hospitali imeleta mashine mpya nne. Zina mlango wa kioo wa duara, vitufe vingi, na skrini inayoandika maneno. Zile za zamani zitaondolewa baada ya miezi sita. Asiye na cheti haruhusiwi kuendesha mashine mpya. Na asiyeweza kuziendesha, kazi hana.

"Lakini kuna mafunzo," alisema. Akatoa fomu kwenye pochi. Alikuwa ameikunja mara nne.

Niliisoma. Halmashauri ya jiji na chuo cha jamii wamekubaliana kufundisha wafanyakazi. Jiji linalipa ada. Chuo kinatoa walimu na mashine za kujifunzia. Hospitali nayo inamruhusu mfanyakazi kwenda darasani alasiri mbili kwa wiki, na mshahara haukatwi. Niliisoma mara ya pili, maana cha bure huwa nakiogopa. Sikuona mtego wowote.

Sasa niwaambie kosa letu. Nyumbani kwetu, kizuri kikija anapewa mtoto. Kipande kinono cha nyama ni cha mtoto. Mwavuli ni mmoja, basi ni wa mtoto. Hatujawahi kukaa tukajadili, ndivyo tulivyolelewa. Binti yetu ana miaka ishirini. Alikuwa amemaliza shule, na mwaka mzima yuko nyumbani. Basi mke wangu akaisukuma fomu mbele yangu, akasema niandike jina la binti. Akisoma yeye, tumesoma sote.

Mimi nikaona hiyo ndiyo busara. Nikasema samaki mkunje angali mbichi, na sisi wawili tumeshakauka. Nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri, niliouandikia barua ya posa. Binti mwenyewe alikuwa kwa shangazi yake wiki ile. Hatukumwuliza. Nani humwuliza mtoto kama anataka nyama?

Fomu ikaenda. Siku zikapita. Mke wangu akawa mtu wa kimya. Alikuwa anakunja nguo, anazikunjua, anazikunja tena. Nilimwuliza huko mawinguni kuna habari gani. Akasema hakuna habari, mvuke ni mvuke. Jibu hilo lilinichoma kuliko sindano, na mimi sindano nimezizoea.

Jumatano moja akaja jirani yetu wa mlango wa tatu. Yeye ni karani wa chuo cha jamii, nasi tunamwita Dada Karani. Kisigino cha kiatu chake kilikuwa kimebanduka. Akakaa kwenye benchi langu, mguu mmoja peku juu ya boksi, mimi nikaanza kupaka gundi.

"Shemeji," akasema, "mbona Mama Mawingu amekataa mafunzo?"

Nikamwambia hajakataa, amempa mtoto. Nilisema kwa majivuno kidogo. Dada Karani akashika kichwa.

"Nafasi hii hairithishwi, shemeji. Jiji limewalipia wale ambao kazi yao inabadilika wakiwa humo humo kazini. Jina ambalo halimo kwenye orodha ya hospitali, sisi tunaliweka kando. Ijumaa saa sita mchana tunafunga usajili. Baada ya hapo nafasi yake anapewa mtu mwingine."

Gundi ikakaukia kwenye brashi. Nikamwuliza, na binti yetu je? Akasema vijana wana fungu lao na fomu yao, usajili wao ni mwezi ujao. Tumechanganya milango tu. Nikajitetea na samaki wangu, kwamba mke wangu ameshapita umri wa kukunjwa.

"Samaki mkavu naye hulowekwa," akanijibu. "Akilowekwa, anakunjika vizuri tu."

Kisha akanieleza taratibu, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza. Kwanza chuo hupima kile ambacho mtu anakijua tayari. Mwenye kazi ya miaka kumi haanzishwi pamoja na asiyejua sabuni. Sehemu kubwa ya mtihani hufanywa kwa mikono, mbele ya mashine, na maswali mengine huulizwa kwa mdomo. Anayesoma polepole anapewa saa moja zaidi ya kusoma kila wiki, na mwalimu wake. Nikamgongea kisigino chake, nikafunga kibanda mapema.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anachambua mchele. Binti alikuwa amerudi, anamsaidia. Nilieleza yote, sikuficha hata lile la majivuno. Mke wangu hakuinua macho.

"Niliacha shule darasa la tano," alisema. "Nikisoma mbele ya watu, herufi zinanikimbia. Unataka nikachekwe na watoto wa watu?"

"Nataka ubaki kazini kwako," nikasema. "Na nataka unisimulie tena. Nyumba imekuwa baridi tangu uliponyamaza."

Nilishangaa nilivyosema hayo mbele ya mtoto. Mtoto mwenyewe akaweka ungo chini.

"Mama, mimi nataka kufunga umeme," akasema. "Kufua mashuka sijawahi kutaka hata siku moja. Mngeniuliza."

Tukatazamana, mimi na mama yake, tukaona aibu. Tulikuwa tumemtoa yule aliyehitaji ili tumpe yule asiyetaka.

Ijumaa nilimsindikiza. Ukumbi wa chuo ni mrefu, na jua lilikuwa limelala sakafuni, kiasi kwamba tulitembea polepole bila kujua kwa nini. Dada Karani akatoa fomu mpya. Mkono wangu ukaenda kwenye kalamu, mazoea yana tabu. Mke wangu akaiwahi. Akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo. Foleni ilikuwa nyuma yetu, na saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alilitazama jina lile kwa muda, utadhani amekutana na mtu anayefahamiana naye.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, siwadanganyi. Alirudi na kichwa kinauma. Alisema skrini inaandika haraka kuliko yeye anavyosoma. Mara mbili alisema haendi tena, na mara mbili nilimpigia viatu vyake rangi, nikavipanga mlangoni. Alienda.

Kisha ikaja alasiri ya mashine kubwa. Mwalimu alijaza mashuka, akaiwasha, wote wakakaa wanatazama maji yakizunguka nyuma ya kioo. Mke wangu alianza kupotea ndotoni, maana mashuka yalikuwa meupe na yanageuka polepole. Akaweka kiganja juu ya mlango. Akamwambia mwalimu kwamba mashuka yameegemea upande mmoja, mashine itaumia. Mwalimu akatazama skrini, haikuwa na kitu. Baada ya muda mfupi skrini ikawaka, ikaandika kwamba mzigo haukukaa sawa.

Mwalimu akamwomba alisome neno hilo kwa sauti. Akalisoma. Halikumkimbia.

Tangu siku hiyo alianza kunisimulia tena, ila sasa hadithi zilikuwa na vipimo ndani yake. Alijifunza kwamba shuka lenye damu halichanganywi na mengine, hushikwa kwa glavu na kufuliwa peke yake. Alijifunza kusoma joto la maji. Na alijifunza jambo lililomsikitisha. Miaka yote walikuwa wakipima sabuni kwa viganja, wakidhani sabuni nyingi ndiyo usafi. Kumbe sabuni isiyotoka vizuri hubaki kwenye shuka, ikamwasha mgonjwa ngozi. Siku ile hakula. Alisema anawafikiria waliolala humo. Nikamwambia asiyejua hana kosa, mwenye kosa ni aliyejua akaendelea. Kesho yake akamwomba msimamizi kikombe cha kupimia.

Alifaulu. Mashine za zamani zilipoondolewa, yeye alibaki, na wenzake sita waliosoma naye walibaki. Binti yetu alikuwa amejiandikisha mwezi ule aliotaja Dada Karani, kwa fomu iliyomhusu, na sasa anafungua soketi zetu hata zile nzima.

Mimi nilidhani hadithi imeishia hapo. Lakini mwaka huu nililazwa hospitali hiyo hiyo ya mke wangu, henia, kwa sababu ya kuinama na kunyanyua. Baada ya upasuaji niliamka taratibu, sijui niko wapi. Kila kitu kilikuwa cheupe. Shuka lilikuwa laini mwilini, halinuki sabuni, haliwashi popote. Nilihisi nimebebwa. Nilikaa hivyo muda mrefu, nikiogopa kujigeuza nisije nikaanguka chini.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja, alikuwa akipapasa shuka lake. Akasema amelazwa hapa mara tatu, na mara zote za nyuma alitoka na vipele mgongoni. Safari hii ngozi yake imetulia.

"Sijui siku hizi anafua nani," akasema.

Niliinua kichwa kwenye mto, nikamgeukia. Nikamtajia jina la mke wangu, lote, pamoja na la baba yake.